Jina na Nchi: Uhakiki wa Maandishi ya Sanamu za Askari

Katika miji mitatu ya Afrika ya Mashariki, yaani Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, zimesimama sanamu za shaba zilizowekwa na serikali ya Kiingereza kuwa ukumbusho wa watu walioingia katika Vita Kuu vya 1914 hadi 1918. Ile ya Dar es Salaam ilifunuliwa mwaka wa 1927, mahali palipokuwa na sanamu ya Mjerumani Hermann von Wissmann kabla ya Waingereza kuutwaa mji. Watu wengi hupita karibu nazo kila siku, na wachache husimama kuzisoma. Walakini sanamu hizi si shaba tu. Ni maandishi pia, na miongoni mwa maandishi hayo yamo ya Kiswahili. Yamekaa hadharani kwa muda wa karibu miaka mia, jua na mvua, na yamkini yamepitiwa na macho mengi kuliko vitabu vingi vya lugha hii. Kwa hiyo yastahili kuhakikiwa kama yanavyohakikiwa maandishi mengine yoyote: yatazamwe maneno yake, maana yake, na kadiri ya ukweli wake.

Asili ya maandishi hayo ni Kiingereza, na mtungaji wake ni Rudyard Kipling, mshairi aliyejulikana sana kwa kuisifu dola ya Kiingereza. Kisha yakatiwa katika Kiswahili, na herufi za Kirumi na za Kiarabu zote zikatumika. Habari yake ni fupi. Kwanza yanataja askari wa Kiafrika waliopigana. Pili yanataja wapagazi, na kuwaita miguu na mikono ya jeshi. Tatu yanawataja wengine wote waliotumika na kufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao. Mwisho yanageuka kumsemesha msomaji mwenyewe, na kumwahidi kwamba mtu akiipigania nchi yake, hata akifa, watoto wake watalikumbuka jina lake.

Hapana budi kukiri kwamba, kwa upande wa ufundi wa kusema, maandishi haya ni mazuri. Hayana urefu usio na maana wala sifa za kupita kiasi. Yanaanza na wafu na kumalizia kwa walio hai; yanaanza na vita na kuishia nyumbani kwa mtu, kwa watoto wake. Mwendo huo ni wa mtu ajuaye kazi yake. Tena yana haki moja ambayo maandishi mengi ya namna hii hayana: mpagazi ametajwa. Katika majeshi mengi mbeba mzigo husahauliwa mara tu mzigo utuliwapo. Hapa amewekwa pamoja na askari, na miongoni mwa watu wa shaba wa Nairobi yumo yeye pia, amesimama na wenzake.

Lakini uzuri wa maneno ni jambo moja, na uzito wa ahadi ni jambo jingine. Ahadi ni deni, na deni hupimwa kwa kulipwa kwake. Mhakiki akiyapima maandishi haya kwa mizani hiyo, maneno matatu yanamtaka atulie: viungo vya mwili, nchi, na jina.

Kuwaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi ni tamathali yenye kweli ndani yake. Vita vya Afrika ya Mashariki vilipiganwa katika nchi ambayo mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe kwa maelfu, barabara zilikuwa chache, na reli hazikufika mbali. Chakula, risasi, dawa na majeruhi wenyewe walichukuliwa kwa vichwa na mabega ya watu. Mwaka wa 1917 serikali ilipowahitaji wengi zaidi, kazi ya kuwakusanya ilisimamiwa na John Ainsworth, na vijana wa wilaya nyingi walichukuliwa kwa nguvu kupitia kwa machifu wao. Hesabu za serikali zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa upande wa Waingereza. Wataalamu wa historia waliochunguza baadaye wanaiweka idadi hiyo karibu na 100,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Waliuawa na kuhara damu, homa, baridi ya milimani na chakula ambacho matumbo yao hayakukizoea.

Hata hivyo tamathali hiyo ina hila. Mguu hauna jina. Mkono hauna mke wala watoto. Kiungo hufanya kazi ya mwili, na kikikatika, mwili ndio unaohuzunikiwa. Kiungo hakirithiwi. Basi sentensi ya pili ya maandishi inamsifu mpagazi kwa neno ambalo linamnyima utu wa kisheria, yaani ule utu wa mtu mwenye jina, mwenye madai na mwenye warithi. Kisha sentensi ya mwisho inamwahidi kwamba jina lake litakumbukwa. Maneno hayo mawili hayakai pamoja. Aliyeyatunga yamkini hakuiona tofauti hiyo. Waliokuwa na daftari za mishahara waliiona mapema.

Neno la pili ni nchi. Kwa Kiingereza mtu aweza kusema juu ya dola na mfalme bila ya kufikiri juu ya udongo. Kwa Kiswahili si rahisi hivyo. Nchi ni dola, na nchi ni ardhi. Baharia akiona nchi kavu haoni serikali bali anaona mchanga na miti. Mwenye nchi ni mwenye ardhi. Na mwananchi, neno linalotumika leo kwa kila raia, ni mwana wa nchi: uzao na ardhi vimefungwa katika neno moja. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili aambiwapo apiganie nchi yake, naye akatajiwa watoto wake papo hapo, masikio yake husikia habari ya mirathi, hata kama mtungaji hakuikusudia. Zaidi ya hayo, Kiingereza cha Kipling kinataja wana wa kiume tu, bali Kiswahili kwa tabia yake husema mtoto au mwana bila kubagua. Ahadi ilipoingia katika Kiswahili ilipanuka: ikawa ya watoto wote, na ikawa ya ardhi pia.

Je, nchi hiyo ilikuwa yao? Jibu lilitolewa Nairobi mwaka wa 1921. Koloni la Kenya lilikuwa limetangazwa mwaka mmoja kabla, na katika kesi ya ardhi Jaji Mkuu Barth aliamua kwamba Waafrika wa koloni hilo ni wapangaji tu, wakaao juu ya ardhi ya Mfalme kwa hiari ya Mfalme. Miaka michache baadaye maandishi yakawekwa juu ya barabara kubwa ya mji ule ule, yakiwasifu watu hao kwa kuipigania nchi yao. Mtu mmoja aliambiwa mahakamani kwamba hana nchi, na barabarani akaambiwa kwamba ameipigania vema. Mhakiki wa lugha hahitaji kuongeza neno hapo.

Ili thamani ya ahadi hiyo ijulikane vizuri, yafaa maandishi ya sanamu yawekwe kando ya maandishi mengine ya wakati ule, ambayo hayana ushairi wowote: orodha za mashamba ya askari wa Kizungu. Mwaka wa 1919 serikali ilianzisha mpango wa kuwapa ardhi Wazungu waliotumika vitani. Ulihusu zaidi ya eka milioni mbili. Mashamba madogo, yasiyozidi eka 160, yalitolewa bure. Makubwa zaidi yaliuzwa kwa malipo ya kidogo kidogo. Waombaji wa huku walipigiwa kura katika jumba la Theatre Royal, Nairobi, na kila aliyebahatika alitoka na nambari ya shamba. Maafisa waliolemaa walitengewa eka 25,000 huko Kericho ili walime kitani. Bei ya kitani iliposhuka mradi ukaanguka, na baadaye makampuni ya chai yakaijaza wilaya hiyo mashamba yao. Askari wa Kihindi hawakuingizwa katika mpango huo. Waafrika hawakufikiriwa kabisa.

Bali walifikiriwa kwa njia nyingine, maana sehemu ya ardhi iliyogawiwa ilitoka kwao. Katika nchi ya Wanandi, upande wa Kipkarren na Kaimosi, maeneo yaliyokuwa yamehesabiwa kuwa ni ya Wanandi yalikatwa ili wapewe askari wa Kizungu. Nao Wanandi walikuwa wametoa vijana wengi katika jeshi la King's African Rifles. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba askari wa Kinandi alirudi kutoka vitani akakuta malisho ya baba yake yametolewa kuwa zawadi ya vita hivyo hivyo, na zawadi hiyo si yake. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Hapa mchezaji alitozwa.

Maandishi hayo mawili yakilinganishwa, tofauti yake ni ya namna ya kuandika kabla haijawa tofauti ya haki. Orodha ya mashamba ina jina la mtu, nambari, eka na mipaka. Haina hata neno moja la kusisimua moyo. Maandishi ya sanamu yana maneno ya kusisimua, wala hayana hata jina moja. Wale waliopewa ardhi hawakuhitaji kuahidiwa kwamba watakumbukwa, kwa kuwa shamba lenyewe lilibeba jina, na hati ilimpitishia mwana. Wale walioahidiwa kukumbukwa hawakuandikwa popote. Serikali iliweka ushairi pale ilipokosa daftari.

Yaweza kudaiwa kwamba hukumu hii ni kali mno. Kwanza, maandishi ya ukumbusho si mkataba. Pili, askari wa King's African Rifles alikuwa na mshahara, na mpagazi naye aliahidiwa ujira. Tatu, wakuu wa siku zile walisema kwamba Mwafrika ana ardhi ya kabila lake, basi hana haja ya kupewa shamba. Hoja ya kwanza ni ya kweli kwa sheria, lakini si kwa lugha: mtu hamsemeshi mwenzake moja kwa moja, akamtajia watoto wake, kisha akasema hakuahidi kitu. Hoja ya tatu imekwisha jibiwa na Kipkarren na hukumu ya 1921. Hoja ya pili ndiyo yenye kutaka maelezo, kwa sababu ndiyo inayoleta neno la tatu, yaani jina.

Ujira wa wapagazi haukulipwa wote. Vita vilipokwisha ilionekana kwamba fedha nyingi zimebaki mikononi mwa serikali, ni haki ya watu waliokufa au waliopotea, ambao warithi wao hawakupatikana. Hawakupatikana kwa sababu majina hayakuandikwa sawasawa: mengine yaliandikwa kwa masikio ya karani asiyejua lugha ya mwenye jina, mengine yakachanganywa, na mengine hayakuandikwa kabisa. Maafisa kadhaa wa koloni waliomba fedha hizo zitumiwe kwa faida ya Waafrika, kwa shule na kwa hospitali. Serikali ya London ilikataa, na shauri likavutwa kwa miaka hata likafa.

Kwa sheria ya mirathi ijulikanayo pwani, deni analodai marehemu ni sehemu ya mali aliyoiacha, na halifi pamoja naye. Lakini mirathi haigawiwi mpaka marehemu atajwe kwa jina, na warithi watajwe kwa majina, kila mmoja na fungu lake. Jina ndilo hati ya kwanza. Nyingine zote hufuata nyuma yake. Mtoto asiyeweza kuonyesha jina la baba yake katika daftari hana mshahara wa kudai, hana fidia, wala hana hoja ya kwenda nayo mbele ya tume yoyote ya ardhi. Kwa hiyo waliofikiri kwamba maandishi ya sanamu yalitoa jina badala ya nchi wamekosea kidogo. Jina lenyewe halikutolewa. Mwaka wa 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika utumishi wa Kiingereza katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba idadi yaweza kufika 350,000. Hiyo ni miaka zaidi ya tisini baada ya ahadi kuandikwa.

Kwa upande wa Tanganyika neno askari lina utata wa pili, maana upande wa Wajerumani, chini ya von Lettow-Vorbeck, nako walikuwako askari wa Kiafrika. Katika miaka ya 1960 serikali ya Ujerumani Magharibi iliwalipa fedha wazee wa jeshi hilo waliokuwa hai bado. Inasimuliwa kwamba wengi hawakuwa na cheti, basi mzee alipewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye zoezi la bunduki, na kila aliyelifanya sawasawa akalipwa. Kisa hicho, hata kama kimetiwa chumvi, kinaeleza jambo lenyewe vizuri. Mwili wa mzee ulikuwa ndio cheti chake. Naye alipozikwa, cheti kilizikwa naye. Mwanawe hakulijua zoezi, wala hakuwa na karatasi.

Pamoja na hayo, liko jina moja lililobaki, na halikuandikwa na serikali. Jeshi la wapagazi liliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na vinywa vya watu vikaligeuza kuwa Kariakoo. Mahali pa kambi yao Dar es Salaam paliitwa hivyo, na mtaa na soko vikalirithi jina. Nairobi nako uko mtaa wa Kariokor. Huo ndio ukumbusho wa wapagazi ulio hai kuliko wa shaba, kwani hutajwa kila siku na watu wanaonunua nyanya na kuteremka kwenye magari. Walakini hata huo ni jina la kundi, si la mtu. Jina limebaki juu ya ardhi, bali ardhi haikubaki kwa wenye jina.

Lingekuwa jambo la kale tu kama mfano huu usingerudiwa. Baada ya vita vya 1939 hadi 1945, waliokuwa askari wa Kiingereza walifunguliwa tena mashamba katika nyanda za juu za Kenya, hali askari wa Kiafrika waliotoka Burma walirudi kwenye maeneo yaliyokwisha kujaa watu. Baadhi yao, kama Waruhiu Itote aliyejulikana kwa jina la Jenerali China, waliingia msituni vita vya Mau Mau vilipoanza. Wapiganaji hao waliitaka ardhi kwa jina lake. Uhuru ulipokuja mwaka wa 1963, mashamba ya Wazungu yaligawiwa kwa wingi kwa njia ya kununuliwa kwa mikopo, na aliyetoka msituni au kizuizini hakuwa na fedha za kutanguliza. Chama chao kiliendelea kupigwa marufuku hadi mwaka wa 2003. Mwaka wa 2007 sanamu ya Dedan Kimathi ilisimamishwa Nairobi, si mbali na ile ya askari na wapagazi. Mwaka wa 2013 Uingereza ilikubali kuwalipa watu 5,228 kwa mateso waliyopata. Malipo hayo yalikuwa ya mateso, hayakuwa ya ardhi. Basi serikali mbili zisizofanana kwa lolote, moja ya wageni na moja ya wenyeji, zilipodaiwa nchi, zote zilijua kusimamisha shaba.

Tofauti iko moja, nayo ni kubwa. Sanamu ya 2007 ina jina la mtu. Mwenye jina ana warithi wanaojulikana, nao wana mahali pa kusimama wanapodai. Tena katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010, katika ibara ya 67, imeipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za zamani za ardhi. Mlango umewekwa. Lakini mlango huo hufunguliwa kwa majina, na wajukuu wa wapagazi wa 1917 hawana la kubisha nalo, isipokuwa habari za wazee kwamba babu alichukuliwa akaenda na hakurudi.

Kwa hiyo hukumu juu ya maandishi ya sanamu iwe hivi. Kwa lugha ni mazuri, na yastahili kuhifadhiwa, hasa kwa kuwa yalimtaja mpagazi pale ambapo wengine wangemwacha. Kwa ukweli yamepungukiwa, kwa sababu yaliwatwika watoto kazi ya kukumbuka, na waliotwika kazi hiyo ndio waliokuwa na daftari na hawakuzitunza. Watoto hawakusahau. Vijijini bado yako majina ya mababu waliokwenda vitani yanayotajwa katika matambiko na kupewa wajukuu. Aliyesahau ni yule aliyeahidi.

Wala haifai kuyafuta maneno hayo au kuyang'oa mawe. Linalotakiwa ni kuyakamilisha. Majina yaliyomo katika makaratasi ya wilaya, katika hesabu za mishahara isiyolipwa, na katika vinywa vya wazee, yakusanywe na kuandikwa kwa tahajia ya lugha za wenyewe, kila jina na kijiji chake na ukoo wake. Kazi hiyo ni ya watu wa lugha kabla haijawa ya wanasheria, kwa kuwa karani wa 1917 aliwapoteza watu wengi kwa kukosea herufi. Shamba haligawiwi kwa miguu na mikono. Hugawiwa kwa fulani mwana wa fulani, na mpaka atajwe hivyo, deni litabaki halina mwenyewe.